Mkalimani wa Leba

Jumatatu, 11 Novemba

Mkufunzi wetu wa masomo ya masafa ametupa kazi. Kila muuguzi anayejiendeleza kwenda stashahada aandike daftari msimu mzima wa mvua, aeleze anaamini nini kuhusu jema na baya, na imani hiyo inaonekana wapi akiwa kazini. "Msininakilie sheria za baraza," alisema kwenye simu, "hizo ninazo kabatini. Niandikieni ninyi wenyewe."

Nina miaka arobaini na mmoja, na kumi na sita kati ya hiyo nimekuwa mkunga. Leo nimepokea watoto wawili na kufua shuka za wodi kwa mikono kwa sababu mashine imeharibika, na sasa natakiwa nikae nijiulize mimi ni nani. Haya. Naitwa Dorika, mama Kabula, mzaliwa wa Tinde. Naamini mtu asiaibishwe mbele za watu. Nadhani hapo nimemaliza kazi ya mkufunzi.

Alhamisi, 14 Novemba

Sijamaliza, maana ameomba mifano.

Kituo chetu cha afya kiko nje kidogo ya Masumbwe, kwenye njia ya kwenda machimbo. Wanaokuja kujifungua kwetu ni wake wa wachimbaji na wake wa wafugaji, na wengi wao Kiswahili chao ni cha sokoni. Uchungu ukishika wanarudi kwenye Kisukuma chao. Dokta Adam ana miezi minne hapa. Kwao ni Lushoto, na Kisukuma anachokijua ni "mwangaluka", salamu ya asubuhi ambayo anawasalimia watu nayo hata saa kumi jioni. Kwa hiyo anauliza kwa Kiswahili, mimi nageuza, mama anajibu, mimi narudisha. Hakuna aliyeniajiri kwa kazi hiyo. Imenikuta tu.

Leo alikuja mama wa miezi minane, miguu imevimba. Daktari alimuuliza kama anatumia dawa za miti shamba. Akakiri kwamba anakunywa kikombe kimoja kila asubuhi. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mwambie hivi, Sista. Kama anataka kumuua mtoto asitusumbue sisi, akamuulie huko huko nyumbani."

Benchi zima likageuka kumwangalia. Nikamwambia yule mama kwa Kisukuma, "Daktari ana wasiwasi na mtoto wako, anaomba hiyo dawa uiache kwanza."

"Wabeja," akasema mama wa watu, "wabeja sana."

"Mbona anashukuru?" daktari akauliza.

"Ndiyo desturi yetu, daktari. Hata tukigombezwa tunashukuru."

Nelly, muuguzi mdogo tunayefanya naye zamu, alitoka nje kwenda kucheka.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Mume wangu, Boaz, amepanda mahindi.

Jumanne, 26 Novemba

Daktari ameanzisha utaratibu mpya. Mama akikiri kunywa dawa ya kienyeji anakalishwa benchi la mbele peke yake, na kabla kliniki haijaanza daktari anawaambia wengine wamtazame, kisha anatoa somo. Somo lenyewe ni la kweli, sina ugomvi nalo. Zile dawa za kuharakisha uchungu zina nguvu ambayo hakuna anayejua kipimo chake, na mji wa mimba unaweza kuchanika. Ugomvi wangu ni na lile benchi.

Sasa akina mama wananinong'oneza mimi, "Mwambie hapana." Na mimi namwambia hapana. Kisha namshika mama pembeni, namweleza taratibu madhara ya ile dawa, na anaiacha. Tangu wiki iliyopita nimefanya hivyo mara nne, na wote wanne wamejifungua salama. Mkufunzi, ukitaka kuona imani yangu kazini, ndiyo hiyo.

Jumanne, 3 Desemba

Mkufunzi amerudisha kurasa za mwanzo. Ameandika kwa kalamu nyekundu: "Imani hii umeitoa wapi?" Watu wa vyuoni hawachoki.

Nina jibu. Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu aliumwa kifua, mama akamchanja chale na kumpaka dawa, na alipozidiwa tukampeleka hospitali Shinyanga mjini. Muuguzi alipofunua lile shati akaona chale, alimsema mama mbele ya foleni nzima. Alimwita mshenzi. Mama hakujua Kiswahili. Alinigeukia akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikamwambia, "Anasema poleni na safari."

Mama akamwinamia yule muuguzi akamshukuru. Watu walicheka, na mimi niliona aibu mpaka nikatamani ardhi ifunguke. Lakini mama hakujua, alifariki bila kujua, na mpaka leo naona nilifanya vyema.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimelima bustani, nimelala mchana.

Jumanne, 17 Desemba

Lazima niwe mkweli hata kwa daktari. Leo ameletwa mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi, na Dokta Adam amemhangaikia kwa saa tano bila kukaa wala kunywa maji. Mguu umenusurika kukatwa. Baadaye alikaa kwenye ngazi za wodi na chupa ya soda akaniita.

"Sista Dorika, nifundishe maswali kumi tu ya Kisukuma. Lini uchungu umeanza, umekula nini, umekunywa nini. Nimechoka kuwa bubu."

Nikamwambia tusubiri Krismasi ipite. Ukweli ni kwamba sikutaka. Akijua kuuliza atajua na kusikia, na akisikia, wale akina mama watakaa benchi la mbele. Na kuna lingine ambalo halipendezi kuliandika: napenda kuwa ninayehitajika pale katikati.

Jumatano, 25 Desemba

Misa sikuwahi, nilikuwa zamu. Watoto watatu, wa kiume wote. Mmoja ameshaitwa Noeli kabla hajakatwa kitovu.

Jumatano, 8 Januari

Mvua haikati. Maduara, yaani mashimo ya machimboni, yamejaa maji na wachimbaji wamerudi majumbani. Mto umepita juu ya daraja na gari la wagonjwa haliwezi kuvuka kwenda hospitali ya wilaya. Mganga mfawidhi wetu, tabibu Otmar, ametuambia kila kitu tukimalize hapa hapa mpaka maji yashuke. Krismasi imepita na lile somo la Kisukuma sijalianza. Daktari hajaniuliza tena.

Jumanne, 14 Januari

Siwezi kuandika leo.

Alhamisi, 16 Januari

Naandika kama ilivyokuwa.

Juzi saa tatu asubuhi aliletwa Vumilia, miaka ishirini na mitatu, mimba ya tatu. Wawili wa kwanza wako hai. Nilimjua kliniki, binti wa Tinde kama mimi, mpole na mwenye kujibu vizuri, ila Kiswahili hakijui. Mume wake Masalu ni mchimbaji. Aliyemleta ni mama mkwe wake, Martina, mwanamke mtu mzima anayeheshimika kijijini kwake, na kwapani alikuwa na chupa ya chai.

Njia ilikuwa imefunguka sentimita tano. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri kwa nguvu sana, halafu ukawa unakuja na kupotea. Nilipokuwa nampima alinishika mkono, akaniambia kwa Kisukuma, "Dada, asubuhi nimekunywa dawa ya mama. Vikombe viwili. Na nyingine iko kwenye ile chupa."

Nilimpa pole. Nikamwendea Martina, nikamwamkia, nikamwomba ile chupa kwa adabu. Nikamwambia asimpe tena. Alinipa bila maneno. Niliimwaga nyuma ya wodi, nikaona nimemaliza.

Saa saba mchana bado sentimita sita. Daktari alikuja, akasoma patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, akasikiliza mapigo ya mtoto, yalikuwa mazuri. Alifikiria kumpeleka wilayani, akakumbuka mto. Akaniuliza, kama anavyouliza siku zote, "Dawa za kienyeji?"

Nilimgeukia Vumilia na kumuuliza kwa Kisukuma kama anaendelea vizuri. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia daktari, "Amekunywa uji tu."

Sikufikiri. Hilo ndilo linalonitisha. Lilitoka lenyewe kwa sababu nilikuwa nimelisema mara nyingi mno.

Daktari alisema kama ni hivyo uchungu umechoka tu, tuusaidie kidogo. Akaagiza dripu ya kuongeza uchungu, matone machache kabisa, kiwango cha chini. Mimi ndiye niliyeitundika. Kabla ya kufungua ile dripu nilisimama kidogo. Nilijiambia asubuhi imeshapita, dawa itakuwa imeshaisha nguvu. Nilijiambia pia kwamba nikisema sasa, daktari ataniuliza mbona nilisema uji. Nikafungua.

Kwenye saa nane na dakika ishirini tumbo lilikaza na halikulegea. Nilifunga dripu. Vumilia alipiga ukelele mmoja, halafu uchungu ukakoma kabisa, na mkunga yeyote anajua maana ya ukimya huo. Nilitafuta mapigo ya mtoto sikuyapata.

Daktari hakugomba mtu. Alimbeba mwenyewe pamoja na Nelly kumpeleka chumba cha upasuaji. Mji wa mimba ulikuwa umechanika upande wa kushoto. Mtoto, wa kike, alitoka ameshafariki. Damu ilikataa kusimama, ikabidi kizazi kitolewe. Wenzake Masalu walikuja kumi na mmoja, matope mpaka magotini, kutoa damu, na watatu tu ndio waliofaa. Saa kumi na mbili kasoro daktari alitoka, akanawa, akakaa sakafuni ukutani.

"Kiwango cha chini kabisa," alisema. "Sielewi. Kwa kiwango kile haiwezekani."

Mimi nilikuwa nakusanya vyombo. Niliendelea kukusanya.

Ijumaa, 17 Januari

Wanawake wa kwao wamekuja kumchukua mtoto, wamemzika. Vumilia anaishi. Nimemwogesha. Ameniuliza kama mtoto alikuwa na nywele. Nilimwambia alikuwa nazo nyingi.

Jumatatu, 20 Januari

Otmar aliniita ofisini na kufunga mlango. Alhamisi wanakuja watu wa wilaya kwa kikao cha mapitio ya kifo cha mtoto, kama utaratibu unavyotaka.

"Wewe huna shida, Mama Kabula," alisema. "Dripu aliagiza nani? Yeye. Saini iliyopo ni ya nani? Yake. Wewe sema ulichoona kwenye patografu, basi. Huyu kijana kijiji kizima kimemchoka, wameshaandika barua aondoke. Mungu ametusaidia."

Nilitazama patografu mezani. Ni mwandiko wangu. Pale pa historia nimeandika "uji".

Nikamwambia Boaz kila kitu, jikoni, nikichambua mchele. Alisikiliza hadi mwisho.

"Usijitie kiherehere," akasema. "Mtoto harudi. Utafukuzwa kazi, na Kabula yuko kidato cha nne." Kisha akaongeza, "Lakini huyo daktari naye ana mama yake."

Siku tatu hizi nimekuwa nikimchukia Dokta Adam kwa bidii, nikikumbuka benchi lake na ulimi wake. Leo nimegundua kwa nini. Nikimchukia vya kutosha nitaweza kunyamaza.

Alhamisi, 23 Januari

Walikuja watatu kutoka wilayani, mkubwa wao mama mmoja anaitwa Agnetha, mkunga wa zamani mwenye miwani ya kamba. Daktari alieleza kwanza. Hakujitetea. Alisema, "Niliagiza mimi. Kuna kitu sikukiona na bado nakitafuta." Alikuwa amekonda.

Otmar akanipa zamu kwa kunitikisia kichwa, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa ufupi. Sikuweza kuwa mfupi. Nilisema Vumilia aliniambia saa tatu asubuhi kwamba amekunywa vikombe viwili. Nilisema daktari aliniuliza nikamjibu uji. Nilisema nilisimama mbele ya dripu nikijua, nikaifungua. Nilisema pia kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza kumjibu hivyo, na nikawapa idadi niliyoikumbuka. Otmar alianza kukohoa, akakohoa mpaka akaenda kunywa maji.

Agnetha alivua miwani. "Kwa nini?"

"Ili wasiaibishwe."

"Na daktari? Ulimwambia wakati wowote kwamba lile benchi linawafunga watu midomo?"

"Hapana."

"Kumbe mtu mmoja uliona sawa asiambiwe kitu."

Sikuwa nimewahi kuliangalia upande huo. Kwa daktari nilikuwa mwoga tu, na uoga wangu niliuita huruma.

Nilipotoka, Dokta Adam alinifuata mpaka kwenye tangi la maji. Nilidhani atapiga kelele. Alisema polepole, "Lile benchi ni kosa langu, nimewaambia na wao. Lakini mimi siwezi tena kusimama na wewe mbele ya mgonjwa, Sista. Kila utakachoniambia nitajiuliza umeacha nini katikati."

Nikamwambia ana haki. Inaniuma, lakini ana haki.

Ijumaa, 24 Januari

Vumilia ameruhusiwa. Nilikuwa nje nikamwona anapakizwa kwenye pikipiki, mkono tumboni. Nilijificha nyuma ya nguzo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya.

Jumatatu, 3 Februari

Barua imefika. Onyo la maandishi, nimetolewa leba, nipo chumba cha chanjo mpaka baraza la wauguzi liamue kuhusu leseni. Benchi la mbele limefutwa. Nelly ndiye anayemgeuzia daktari maneno, naye kwao ni Bariadi, anasema kila kitu, hata matusi. Jana mama mmoja alimwita daktari mbuzi na daktari akaambiwa. Nasikia alicheka.

Huku nachoma sindano, watoto wa watu wananilia usoni. Mvua imepungua, mahindi yamechanua.

Jumanne, 11 Februari

Nelly alikuja chumba cha chanjo na habari. Vumilia anarudishwa kwao Tinde.

Huku kwetu mwanamke akichelewa kujifungua au akipoteza mtoto leba, wapo wanaosema alitoka nje ya ndoa, na dawa yake ni kumtaja mwanaume. Wameshamkalisha kikao cha ukoo mara mbili. Anayeongoza ni Maige, kaka mkubwa wa Masalu. Mke aliyezaa wawili bila shida, wanasema, hawezi kuchanika wa tatu bila sababu. Vumilia hana wa kumtaja. Masalu amempa mpaka Jumamosi amtaje au aondoke.

Nilikaa na sindano mkononi mpaka mama aliyekuwa mbele yangu akaniuliza kama naumwa. Kikaoni nilidhani nimetua mzigo. Wilaya inajua, daktari anajua, Otmar anajua na hanisalimii. Mwenye mwili wake hajui. Taarifa ya kikao ni siri ya ofisi, na mimi nilishukuru kwamba ni siri.

Jumatano, 12 Februari

Nimempigia Agnetha kuomba ushauri. Nilimweleza kwamba naweza kwenda kuiambia ile familia. Aliniambia, "Familia siyo mgonjwa wako. Mwendee Vumilia, peke yake, umweleze yeye. Kisha yeye ndiye atakayeamua nani mwingine asikie. Na safari hii fanya kama atakavyosema, siyo kama unavyodhani angependa."

Jumamosi, 15 Februari

Nilifika kwa akina Masalu saa nne asubuhi, manyunyu yanaanguka. Martina alikuwa akianua mtama ulioanikwa uani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, ng'wanone," akiniita mwanawe kwa upendo kabisa, akanishukuru kwa nilivyomwogesha mkwe wake. Mlangoni pa nyumba ya Vumilia palikuwa na mzigo wake, umefungwa kwa kitenge tayari kwa safari. Vumilia alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, mbali na wengine.

Niliomba kusema naye kidogo kuhusu kidonda. Tukaenda nyuma ya jiko. Kidonda kilikuwa safi. Nikamweleza. Dripu ile ni nini, inafanya nini ikikutana na ile dawa ya kienyeji, daktari aliniuliza nini, mimi nilijibu nini.

"Ulimwambia uji," akasema.

"Ndiyo."

"Mwanangu alikufa kwa hiyo."

"Siwezi kuapa kwamba angepona. Ila daktari angejua, ile dripu asingeiagiza. Na kizazi chako nadhani kingekuwepo."

Nilianza kumwomba msamaha, akaniinulia mkono ninyamaze. Hakulia. Alijifunga kanga upya, ikamchukua muda kwa sababu ya kidonda.

"Wapo hapo wote," akasema. "Twende ukawaambie."

"Unataka wajue yote? Na habari ya mama?"

"Yote."

Walikuwepo Maige kwenye kiti cha kukunja, Masalu ameegemea ukuta, na Martina na ungo wake. Vumilia alirudi kwenye mkeka. Nilisimama mbele yao, nikasema nimekuja kueleza kwa nini Vumilia alichanika, na kwamba hakuna mwanaume yeyote katika jambo hili. Maige akasema, "Tunasikia." Nikaanza vizuri. Lakini nilipofika pale penyewe, nikimwona Martina ameshika ungo na kunitazama kwa wema, nikasema, "Asubuhi ile kulikuwa na dawa fulani aliyoitumia."

"Sema nani alinipa," Vumilia akasema kutoka chini.

Mdomo wangu umezoea, ulikuwa unatafuta njia ya kuzungukia.

"Ni mimi," akasema Martina. Aliweka ungo chini. "Nilimpa mimi. Nilinywa mwenyewe kwa watoto wangu wote saba. Ina ubaya gani?"

Nikamweleza ubaya wake, na siyo kwa kunong'ona. Nikaeleza dripu. Nikaeleza kwamba daktari aliuliza na mimi nilimficha, na kwamba daktari huyo wanayemlaani ndiye aliyemwokoa. Masalu alitoka ukutani akaja karibu yangu sana, nikadhani atanipiga, na sikurudi nyuma.

"Ulijua?" akaniuliza. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kumfichia aibu. Daktari alikuwa anawasema akina mama mbele za watu. Sikutaka na yeye asemwe."

Maige alimgeukia Vumilia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu Januari mtu yeyote pale, na mimi nikiwemo, kumuuliza swali huku akisubiri jibu. "Ni wewe uliyemwomba afiche?"

"Sikumwomba," akasema Vumilia. "Nifiche nini? Niliogopa tangu alfajiri, ile dawa ilikuwa inanikaza vibaya. Ndiyo maana nilipofika tu nikamwambia huyu, ili daktari ajue. Na nilimwona daktari anauliza, na nilimwona huyu anamjibu kwa Kiswahili chao nisichokielewa. Nikajua ameshaambiwa. Nikasema moyoni, sasa wanajua, acha nitulie."

Alisema hivyo bila kunitazama. Martina aliingia ndani na mlango ukafungwa. Masalu akauinua ule mzigo wa kitenge, akaurudisha ndani.

Nilimwomba Vumilia ruhusa ya kuondoka. Akasema, "Nenda."